Mchezo wa Baba Ndani ya Nyumba

Katika familia ya Kalemie, mashariki mwa Kongo, mchezo wa video unachezwa sebuleni, na mara nyingi anayeupenda kuliko wote ni baba. Jambo hilo si la zamani. Kwa vizazi vingi wanaume wa upande huu wa Ziwa Tanganyika walicheza nje ya nyumba. Walikaa chini ya mwembe wakigawa mbegu za kisolo, mchezo wa mashimo ambao Waluba wanaujua kama watu wa pwani wanavyoujua bao. Walicheza dama kwa vizibo vya chupa kando ya barabara, na karata bandarini wakingoja meli. Watoto walitazama kwa mbali, na mke aliyemhitaji mumewe alimtuma mmoja wao akamwite. Mashine inayounganishwa na televisheni imeihamisha starehe hiyo. Imeingia ndani na kukaa katika chumba kilekile ambamo watoto wanaandika kazi za masomo na mama anaandaa bukari, sombe na ndakala. Kwa hiyo imekuwa shughuli ya nyumba nzima, baba apende asipende, na inafaa ipimwe hivyo: kwa jinsi inavyokaa na watu wengine wa nyumba, si kwa muda anaoutumia baba peke yake.

Kizazi cha akina baba hawa kinafahamika. PlayStation ya kwanza ilitoka Japani Desemba 1994, na PlayStation 2 ikafuata tarehe 4 Machi 2000. Wakati huo Kalemie ilikuwa mikononi mwa waasi wa RCD, walioushika mji tangu Agosti 1998, na vita havikumalizwa rasmi hadi 2003. Mvulana aliyezaliwa mwaka 1990 alikuwa na miaka 10 mashine hiyo ilipoanza kuuzwa. Aliijua baadaye, katika chumba cha kulipia chenye televisheni moja, benchi moja na kundi la watoto waliosimama nyuma ya wachezaji wakitoa maagizo ambayo hakuna aliyewaomba. Kuwa na mashine nyumbani lilikuwa jambo la matajiri. Leo mvulana huyo ana miaka thelathini na kitu. Ni mwalimu, mvuvi, dereva wa pikipiki, karani wa mkoa au mfanyabiashara wa sokoni, na ana watoto. Anaponunua mashine iliyotumika na kuileta nyumbani, anatimiza hamu ya utoto ambayo mzazi wake hakuweza kuitimiza. Ndiyo maana macho yake yanang'aa kuliko ya mtoto anayedai kununuliwa.

Siku ya baba wa Kalemie hupangwa na mji wenyewe. Mji ulianza kama ngome ya kijeshi iliyowekwa mwishoni mwa 1891 na Mbelgiji Alphonse Jacques, ukaitwa Albertville, ukapata reli kutoka Kabalo mwaka 1915, na tangu 2015 ni makao makuu ya mkoa wa Tanganyika. Bandari, reli, ofisi za serikali, soko na ziwa ndivyo vinavyotoa kazi, na kila kimoja kina saa zake. Karani anarudi jioni. Dereva wa pikipiki anarudi abiria wanapokwisha. Mvuvi wa ndakala anaishi kinyume na wote, kwa kuwa samaki hao huvuliwa usiku kwa taa, na taa hazifui dafu mbele ya mbalamwezi. Mwezi unapokuwa mpevu, mitumbwi hupumzika na baba yuko nyumbani usiku kadhaa mfululizo. Watoto wa wavuvi wanazijua siku hizo vizuri, na nyumba yenye mashine ya michezo inakuwa na kelele ambazo wiki mbili nyuma hazikuwapo.

Juu ya ratiba hiyo kuna ratiba ya umeme, ambayo ndiyo yenye neno la mwisho. Umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, unaofika Kalemie unatoka Bendera, kwenye bwawa la mto Kyimbi, karibu kilomita 120 kaskazini ya mji, kituo kilichojengwa mwishoni mwa enzi ya Wabelgiji. Mitambo imezeeka na mji umekua. Kuna mitaa inayopata umeme usiku tu, kuna inayopokezana siku, na kuna mingi ambayo haijawahi kuwa na nguzo. Pale umeme unapokuja kwa saa chache, kila kitu kinazigombea saa hizo: pasi, friji ya mama anayeuza maji baridi, simu za lupango (ua) zima, na mashine ya baba. Hapo ndipo tabia ya baba inapoonekana mapema kabisa, kabla hajashika hata maneti ya kuchezea. Baba mwenye busara anangoja nguo za masomo zipigwe pasi. Asiyejali anawasha mashine kwanza, na kesho yake watoto wanakwenda darasani na mashati yenye mikunjo.

Mashine yenyewe inastahili kutazamwa kwa karibu. PlayStation 2 iliuzwa zaidi ya milioni 155 duniani, na ni miongoni mwa mashine za michezo zilizouzwa kwa wingi kuliko zote. Sony iliacha kuitengeneza mwanzoni mwa 2013, lakini barani Afrika imeendelea kuishi. Ile nyembamba, iliyotoka mwaka 2004, inapendwa na mafundi kwa sababu iliyo wazi: matoleo yake mengi yanatumia umeme wa volti 8.5 kupitia adapta ya nje. Adapta ikiungua, fundi hahitaji kufungua mashine, na akiwa na kifaa cha kupunguza volti anaweza kuiendesha kwa betri ya volti 12, ileile inayochajiwa na sola juu ya paa. Udhaifu wake uko kwenye jicho la leza linalosoma diski. Vumbi la kiangazi likiingia, mashine huzunguka, hukwama, kisha hutangaza kuwa haioni diski. Fundi hufungua kifuniko, hulipangusa jicho kwa pamba na spiriti, na likiwa limechoka sana hurekebisha kidogo umbali wake na diski. Waya tatu huenda kwenye televisheni: njano ya picha, nyekundu na nyeupe za sauti. Pembeni inachomekwa kadi ndogo ya kumbukumbu yenye megabaiti 8 tu, na humo mna mali yote ya familia: ligi ambayo baba ameicheza miezi mitatu, jina la mtoto aliyefunga mabao mengi, timu iliyotungwa na binti. Umeme ukikatika wakati kadi inaandikwa, yote yanaweza kupotea. Familia nyingi zimejifunza kutokana na kadi moja iliyokufa kwamba mchezo huhifadhiwa mapema, na kwamba mtu hasogelei waya wakati wa kuhifadhi.

Mpira ndio unaotawala. Kampuni ya Konami ya Japani ilitoa Pro Evolution Soccer, maarufu kwa herufi PES, na EA ya Marekani ikatoa FIFA, iliyobadilishwa jina kuwa EA Sports FC mwaka 2023. Toleo la mwisho la FIFA kwa PlayStation 2 lilikuwa FIFA 14, la mwaka 2013. Tangu hapo wapenzi wa mchezo huu katika nchi mbalimbali wameendelea kuhariri diski za PES wenyewe, wakibadilisha majina, jezi na vikosi, kiasi kwamba mashine iliyobuniwa karne iliyopita inachezesha wachezaji wa msimu huu.

Kwa baba wa Kongo, orodha ya vikosi hivyo ina mengi ya kusimulia. Mtoto anamchagua Romelu Lukaku kwa sababu ana nguvu. Baba anamweleza kuwa Lukaku amezaliwa Ubelgiji na wazazi Wakongo, na kwamba baba yake, Roger Lukaku, aliichezea Zaire. Mtoto mwingine anaichukua Brentford ya wakati wa Yoane Wissa. Baba anamkumbusha kuwa huyo amevaa jezi ya Leopards, timu ya taifa ya Kongo, akiwa pamoja na Chancel Mbemba na Cédric Bakambu katika kikosi kilichofika nusu fainali ya Kombe la Afrika tarehe 7 Februari 2024 na kufungwa 1-0 na Ivory Coast. Kabla ya mechi hiyo, wimbo wa taifa ukipigwa, wachezaji walifunika midomo kwa mkono mmoja na kuelekeza vidole viwili kichwani kama bastola, wakipinga ukimya wa dunia juu ya mauaji ya mashariki mwa Kongo. Watoto wa Kalemie waliiona picha hiyo. Baadhi yao waliwauliza baba zao maana yake huku wameshika maneti, na maswali mazito ya mtoto huja kwa urahisi zaidi anapokuwa na kitu cha kutazama kuliko anapoitwa kukaa mbele ya mzazi.

Mashine ina nafasi mbili za maneti, na nyumba ina watoto watano au sita. Kutokana na hesabu hiyo inazaliwa sheria inayojulikana katika kila chumba cha michezo: anayefungwa anampisha mwenzake. Kwa watoto wanaolingana ni sheria nzuri, kwa kuwa mechi ya dakika kumi inatoa zamu ya haraka. Kwa baba na watoto haifai. Baba mwenye uzoefu wa miaka ishirini hafungwi, na asipofungwa hatoki. Watoto wanaishia kuwa watazamaji wa baba yao, na wadogo wanalala kabla zamu haijafika. Kuna njia za kulirekebisha hili bila baba kujifanya amefungwa, kwani mtoto hutambua mara moja kwamba ameachiwa. Baba anaweza kuchukua timu dhaifu na kuwapa watoto yenye nguvu. Anaweza kutoka baada ya mechi mbili hata akiwa ameshinda. Njia iliyo bora kuliko zote ni kumchukua mdogo kabisa awe upande wake, wawili dhidi ya kompyuta, mtoto akimwongoza mchezaji mmoja na baba mwingine. PES inaruhusu hivyo. Mtoto wa miaka sita ambaye hawezi kushindana na mtu anaweza kupokea pasi ya baba yake na kufunga, na bao hilo litasimuliwa masomoni wiki nzima.

Faida nyingine ni ya lugha. Maagizo ya mchezo mara nyingi yako kwa Kifaransa, lugha ambayo mtoto wa Kalemie, anayezungumza Kiswahili nyumbani, hukutana nayo darasani. Anapotafuta mahali pa kuanzia, pa kuhifadhi au pa kubadilisha mchezaji, anasoma kwa haja. Utafiti wa Shawn Green na Daphne Bavelier uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kuwa michezo ya kasi inaongeza uwezo wa macho kufuatilia vitu vingi kwa pamoja. Hilo ni jambo halisi lakini dogo, na halimpi mtoto alama za hesabu. Baba asilitumie kama kisingizio.

Swali la wasichana lina uzito mkubwa zaidi. Katika nyumba nyingi za mji huu msichana ndiye anayechota maji, anayeosha vyombo na anayembeba mdogo wake mgongoni, na kazi hizo zinaangukia jioni, saa zilezile za umeme. Mvulana amekaa na baba mbele ya televisheni, na dada yake anasikia vigelegele akiwa uani. Hakuna anayemkataza kucheza. Amezuiwa na ndoo. Hili ni kosa la baba, na ni rahisi kulisahihisha: wavulana wachote maji kabla ya mchezo, au mashine isiwashwe mpaka kazi ya nyumba imekwisha kwa wote. Mwaka 2011 Sarah Coyne na wenzake wa Chuo Kikuu cha Brigham Young, Marekani, walichapisha uchunguzi juu ya vijana wanaocheza na wazazi wao. Waligundua kuwa wasichana waliocheza michezo ya video na mzazi walikuwa na uhusiano wa karibu zaidi na familia na tabia njema zaidi, mradi mchezo ulifaa umri wao. Kwa wavulana uhusiano huo haukuonekana. Uchunguzi wa Marekani si kipimo cha Kalemie, lakini unaonyesha kuwa yule anayeachwa uani huenda ndiye ambaye angenufaika zaidi.

Mama naye si mtazamaji. Ndiye anayejua kama karo ya sekondari imelipwa na kama mafuta ya mawese yamebaki. Elimu ya msingi katika shule za umma imekuwa bure tangu 2019, lakini sekondari inalipiwa, na franga zinazonunua diski au maneti mpya hutoka katika mfuko uleule. Mabishano mengi ya mume na mke kuhusu mchezo, yakichunguzwa, ni mabishano kuhusu fedha na usingizi. Baba anayecheza hadi usiku wa manane katika nyumba ya vyumba viwili anawanyima wengine usingizi, kwa mwanga na sauti, na kuzima sauti hakutoshi.

Simu imeleta hali tofauti kabisa. Free Fire ya kampuni ya Garena, iliyotoka mwaka 2017, iliundwa iweze kuendeshwa na simu za bei nafuu, na vijana wa mji huu wanaicheza popote mtandao ulipo. Simu ni ya mtu mmoja. Baba mwenye simu anaweza kukaa sebuleni pamoja na watoto wake wote na asiwe nao, na kijana wake vilevile, kila mmoja akihesabu mega za intaneti zilizobaki. Yale yote yanayoufanya mchezo wa televisheni kuwa wa familia, yaani kungoja zamu, kushangilia pamoja na kugombana kisha kupatana, kwenye simu hayapo. Katika simu hiyohiyo zimo programu za kubashiri mechi, zenye rangi na kelele za mchezo lakini ambazo ni kamari. Baba anayefungua programu hiyo mbele ya mtoto anamfundisha kuwa mpira ni njia ya kupoteza franga.

Kuhusu muda, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2019 kuwa mtoto wa chini ya miaka 2 asikalishwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja kwa siku. Mwaka huohuo nchi wanachama zilipitisha orodha mpya ya magonjwa, iliyoanza kutumika Januari 2022, inayotambua ulevi wa michezo ya video kuwa ugonjwa. Dalili zake ni kushindwa kujizuia, kuutanguliza mchezo mbele ya shughuli nyingine za maisha, na kuendelea ingawa madhara yanaonekana, kwa kawaida kwa muda wa miezi 12 au zaidi. Maelezo hayo yanawahusu akina baba sawa na watoto. Mkato wa umeme humsaidia mtu wa Kalemie kutoka kwenye kiti, lakini wenye betri na sola hawana msaada huo tena.

Lililo zito kuliko muda ni yaliyomo, na hapa baba wa Kalemie yuko mahali ambapo baba wa Paris hayupo. Michezo mingi maarufu ni ya bunduki. Mkoa wa Tanganyika ulipitia mapigano ya Watwa na Waluba yaliyopamba moto kati ya 2016 na 2018, vijiji vikachomwa na maelfu ya familia zikakimbilia pembezoni mwa mji. Wapo watoto wanaokaa mbele ya televisheni ya jirani ambao wameona nyumba ikiungua kweli. Alama za umri za Ulaya, zinazoanzia 3 hadi 18, huchapishwa kwenye kasha la diski, na diski za kunakiliwa zinazouzwa sokoni hazina kasha hilo. Baba inambidi acheze kwanza peke yake, aone, kisha aamue. Naye mwenyewe alikuwa mtoto wa vita vya 1998, na anajua kwa nini mtoto fulani anaondoka chumbani risasi zinapoanza kulia. Anapoliona hilo anabadilisha diski bila kuuliza mbele ya watu.

Mchezo wa watu wazima nao una nafasi yake, watoto wakilala. Waliocheza God of War mwaka 2005 walimjua Kratos kama mtu wa hasira anayeua miungu. Katika toleo la 2018 Kratos yuleyule ni mjane anayemlea mwanawe Atreus, asiyejua aseme naye nini. Watengenezaji walikuwa wamekuwa wazazi, na wachezaji pia. Kutoka Yaoundé, kampuni ya Kiro'o Games ilitoa Aurion mwaka 2016, hadithi ya mfalme anayepigania kiti chake akiwa na mkewe bega kwa bega, katika ulimwengu uliochorwa kutokana na mila za Kiafrika.

Limebaki suala la mashine inakotoka, ambalo watoto huliuliza fundi anapofungua kifuniko. Kati ya vipande vidogo vilivyo ndani ya vifaa vya elektroniki kuna vinavyohifadhi umeme, na vingine hutengenezwa kwa tantali, metali inayopatikana kwenye koltani. Mwishoni mwa 2000, mahitaji ya simu na ya mashine za michezo yalipopanda kwa pamoja, bei ya madini hayo iliruka kutoka dola 30 au 40 kwa ratili hadi kupita 300. Mashariki ya Kongo, makundi yenye silaha yaligombania machimbo, na wapo waandishi walioviita vita hivyo vita vya PlayStation. Vita vilikuwa na sababu nyingine nyingi, zilizotangulia mashine hiyo, ila fedha za koltani zilivilisha, kama wataalamu wa Umoja wa Mataifa walivyoandika mwaka 2001. Sheria ya Marekani ya 2010 inazitaka kampuni zinazouza hisa huko zieleze kama madini yao yanatoka Kongo na nchi jirani, na Sony ni miongoni mwa zinazotoa taarifa hiyo. Tangu 2011 magunia ya koltani na kasiteriti yamekuwa yakifungwa lebo zenye namba kwenye machimbo ya iliyokuwa Katanga, ili yafuatiliwe hadi kiwandani. Manono na Nyunzu, yanakochimbwa madini hayo, yako ndani ya mkoa huuhuu, na baba anaweza kumwonyesha mtoto wake kwenye ramani ya masomo.